Magari Yanayopanda Kilima

Kituo cha Utafiti wa Nishati na Usafirishaji
9 Februari

Kwa Mwenye Nyumba ya Kona, Mtaa wa Kilimani

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mtafiti. Kituo chetu kinafanya kazi na kiwanda cha mikate kilicho chini ya kilima chenu. Kiwanda kinataka kuacha magari ya dizeli na kusambaza mikate kwa magari ya umeme, nasi tumeombwa tuone kama inawezekana. Gari la majaribio limeshafika. Likitoka asubuhi na chaji kamili, linatakiwa lipite maduka yote, lifike hospitali, kisha lirudi getini bila kuongezwa nguvu njiani. Mpaka leo limeshindwa. Kila safari linazimika karibu na kiwanda, na madereva wanalisukuma huku wakicheka.

Tumeweka kifaa cha kufuatilia katika kila gari. Kinaonyesha jambo ambalo sijalielewa. Magari yote yakitoka kiwandani hayashiki barabara ya chini kwenda sokoni. Yanapanda kilima, yanapita mbele ya nyumba yako, halafu yanashuka upande wa pili. Kilima hicho ndicho kinachokula betri. Nimewauliza madereva, wakasema barabara ya chini ina mashimo, mikate inabondeka. Nimeitembea barabara ya chini kwa miguu, mama. Imelala kama mkeka.

Wewe unaishi hapo na unayaona yakipita. Kuna sababu yoyote unayoijua? Nauliza kwa kuwa muda si mrefu. Jaribio lisipofaulu kufikia Juni, kazi ya kusambaza mikate itapewa kampuni ya kukodi magari, na madereva wa kiwanda hawatakuwa na kazi.

Nimeambiwa simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Wako,
Mtafiti


Nyumba ya Kona
17 Februari

Mwanangu Mtafiti,

Barua yako nimeipata. Nilidhani ni watu wa maji wanakuja tena kunikatia, nikaiacha juu ya meza siku nzima.

Simu yangu iko kabatini. Tangu msiba, watu wakipiga hunyamaza kwanza, kama wanaosubiri mimi nilie ndipo waseme walichopigia. Barua haina shida hiyo.

Kuhusu magari, umebisha hodi kwenye mlango wenyewe. Mpangaji wa safari wa kiwanda kile alikuwa mume wangu, mpaka alipofariki mwaka jana mwezi wa Agosti. Wenzake walimwita Ramani. Alikuwa hawezi kuona mtu anarudia njia. Hata mimi nikienda dukani alinipangia: anza na sabuni, halafu unga, mayai yawe ya mwisho, rudi kwa nyuma ya shule. Nilikuwa nakasirika. Siku moja nikamwambia, "Wewe hata kaburini utakwenda kwa njia ya mkato." Akajibu bila kuinua kichwa, "Kwani ipo sababu ya kuzunguka?"

Zamani magari hayakupita hapa. Yalianza wiki chache baada ya mazishi. Nilikuwa nimelala, nikasikia honi mbili fupi, nikaenda dirishani, nikaona gari la kiwanda. Kesho yake tena. Nikaelewa. Katika wiki zake za mwisho alikuwa akikaa kitandani na karatasi mapajani, anachora, anafuta, anachora. Nikimuuliza ni nini, anasema, "Utaona mwenyewe." Basi nimeona. Ile ni njia aliyoipanga akiwa mgonjwa, magari yapite hapa kila asubuhi nisije nikasahau kuamka. Alikuwa mtu asiyejua kusema maneno matamu. Aliyasema kwa barabara.

Kwa hiyo sababu ni hiyo. Sidhani kama inaingia kwenye utafiti wako, lakini umeuliza.

Mjane wa Ramani


Kituo cha Utafiti
2 Machi

Mama,

Nashukuru kwa majibu yako, na pole kwa msiba. Maelezo yako yamenisaidia. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba betri ni ndogo kwa njia ile, kumbe njia yenyewe si ya lazima.

Ni utaratibu wetu kumrudishia mtu ukurasa unaohusu habari alizotupa, aone kama tumemnukuu sawa. Ukurasa huo nimeuambatanisha. Nakala nyingine imekwenda kwa meneja wa kiwanda. Sehemu inayokuhusu ni hii: "Njia ya kilimani ilipangwa na mpangaji wa zamani, sasa marehemu, kwa sababu zisizo za kikazi. Inaongeza matumizi ya nishati kwa kiasi kikubwa na ndiyo chanzo kikuu cha kushindwa kwa jaribio. Inapendekezwa ifutwe."

Lugha ya taarifa ni kavu. Naomba usiichukulie vibaya.

Mtafiti


Yadi ya Magari, Kiwanda cha Mikate
8 Machi

Bi Mita,

Usikasirike kwa jina hilo. Hapa yadini hukai siku moja bila kupima kitu, tukaona likufae. Mimi naitwa Breki, na sababu yangu ni mbaya kuliko yako: kipepeo akivuka barabara nasimama.

Meneja ametusomea ukurasa wako mbele ya trei za mikate. Tumesikia kwamba mzee wetu Ramani ndiye aliyeharibu jaribio, tena kwa sababu zisizo za kikazi. Kijiti, yule dereva mwembamba, alitupa kofia chini. Mimi ndiye mkubwa wa madereva, kwa hiyo mimi ndiye naandika.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema. Lakini sisi tupo. Ramani hakuwahi kutupandisha kilima kile. Angekuwa hai na kutuona, angetulaza rumande. Kilima ni chetu sisi madereva. Mashimo ya barabara ya chini nayo ni yetu, tuliyachimba kwa midomo ulipotuuliza. Futa jina la mzee. Andika: madereva wanapanda kilima, sababu wanaijua wenyewe.

Ila shemeji, mke wa marehemu, asijue. Hilo nakuomba kama dada.

Breki


Kituo cha Utafiti
15 Machi

Ndugu Breki,

Siwezi kuandika "sababu wanaijua wenyewe." Wasomaji wa taarifa wataniuliza, na watakuwa na haki.

Hata hivyo nadhani naijua. Kifaa hakirekodi honi, lakini kinarekodi mwendo. Kila gari likifika kwenye kona ile linapunguza mwendo, linatambaa, kisha linaondoka. Nilidhani ni tuta. Niliandika hata neno "tuta" pembeni, na alama ya kuuliza.

Kuna jambo unapaswa kulijua. Mama yule ameniandikia kwamba njia ni ya mumewe, kwamba aliipanga kwa ajili yake akiwa kitandani. Anaamini hivyo kabisa. Mimi nikamwamini, nikaandika, nikamtumia ukurasa uleule mliosomewa. Ameshaupata.

Nikisahihisha taarifa, atajua. Nisiposahihisha, jina la mumewe litabaki limechafuka. Tarehe ya mwisho ya masahihisho ni mwisho wa Aprili. Kumwambia si kazi yangu, nadhani unakubali.

Mtafiti


Nyumba ya Kona
16 Machi

Shemeji Breki,

Nakuandikia wewe kwa sababu ulikuwa rafiki yake kabla sijawa mke wake, na kwa sababu ukija hapa utaanza mizaha na mimi nitashindwa kuuliza.

Nimetumiwa karatasi na yule binti mtafiti. Inasema mume wangu alipanga njia mbaya, ndiyo inayomaliza betri, na kwamba nyote mnaweza kukosa kazi. Ni mimi niliyemwambia. Nilimwambia kwa kujisifu, shemeji, kama mwanamke anayeonyesha kitenge alicholetewa. Sasa nakaa na karatasi hii naisoma na kuisoma. Ramani wangu, aliyekuwa akizima taa nikiwa bado niko chumbani kwa kuwa nimeshaona nilichokuwa natafuta! Mtu huyo ndiye aandikwe kwamba anapoteza nishati?

Niambie kweli. Ugonjwa ulikuwa umemchanganya? Mliona kwamba njia haina maana mkanyamaza kwa heshima ya marehemu? Kama ni hivyo, mmemheshimu vibaya.

Jana honi ilipolia sikwenda dirishani.

Shemeji yako


Yadi ya Magari
24 Machi

Shemeji,

Nimefika mara mbili mpaka kwenye geti lako nikarudi. Mara ya pili jirani yako aliniuliza kama nauza kitu. Kwa hiyo nakaa chini niandike, na mizaha nitajitahidi kuiacha, ingawa unajua kwangu mizaha ni kama kikohozi.

Ramani hakuchanganyikiwa hata dakika moja. Alichokuwa akichora kitandani ni barabara ya chini. Siku ile wewe ulikwenda kuchukua dawa, alituita watatu tukakaa pembeni ya kitanda. Akatuonyesha: tokeni, shikeni chini, sokoni, shuleni, hospitali, nyumbani. Akasema mwaka si mwingi yatakuja magari ya umeme, na gari la umeme halisamehi mtu anayezunguka. "Utaona mwenyewe" aliyokuwa akikuambia, nafikiri alitaka uone siku kiwanda kinampongeza. Hakuiona siku hiyo yeye, wala wewe.

Tuliifuata njia yake mpaka akafa. Tukaifuata na baada ya mazishi. Kisha Kijiti akatumwa kwako na mfuko wa vitu vyake vya ofisini, unakumbuka? Alirudi yadini hana rangi. Akasema saa sita mchana pazia bado limefungwa, na wewe umekaa na nguo zilezile za mazishi, na ulimwambia asante mara tatu kwa mfuko mmoja. Kesho yake asubuhi Kijiti hakushika barabara ya chini. Alipanda, akapiga honi, akaona pazia linasogea. Alipoingia yadini akatangaza kwa sauti kama mtu aliyefunga goli, "Pazia limefunguka!"

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi anayerudi wa kwanza tunamuuliza, "Pazia?" Akisema limefunguka, tunakunywa chai. Siku moja wakati wa mvua halikufunguka, na magari yote yaliyofuata yakasimama getini kwako, moja baada ya jingine, mpaka ukatoka mlangoni ukauliza kama kuna moto. Ulikuwa na mafua tu. Tukakuambia barabara ya chini ina mashimo.

Basi hiyo ndiyo njia. Haikuwa ya mumeo. Tungekuacha uamini hivyo mpaka mwisho, na Bi Mita tungempiga chenga, lakini jina la mzee limeguswa na hapo tumeshindwa. Kuhusu kazi, usijisumbue. Tumezungumza, sisi sote tunasema tutaendelea kupanda. Kampuni ya kukodi nayo inahitaji madereva.

Nisamehe kwa kukunyang'anya kitu ambacho sikukupa.

Breki


Kituo cha Utafiti
14 Aprili

Mama,

Ndugu Breki ameniarifu kwamba amekuandikia. Sijapata neno kutoka kwako na sikulazimishi.

Naandika kukuambia jambo moja la kikazi. Nimepiga hesabu upya. Magari yote yakishika barabara ya chini, jaribio linafaulu. Lakini kiwanda kitabaki na gari moja la dizeli kwa dharura. Gari hilo linaweza kuendelea kupita kilimani kila asubuhi, nami naweza kuliweka katika taarifa chini ya "safari nyinginezo." Hakuna atakayeuliza. Sijawahi kufanya hivyo katika taarifa yoyote. Nakuuliza tu kama ungependa.

Mtafiti


Nyumba ya Kona
23 Aprili

Mwanangu Mtafiti,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mengi ya kupanga upya. Miezi yote hii nilikuwa naongea na mume wangu kila honi ikilia. "Nimeamka, baba, nimekuona." Kumbe nilikuwa naongea na Kijiti.

Kwanza nilimchukia Kijiti, mtoto wa watu asiye na kosa. Halafu nikawachukia wote. Halafu nikakumbuka kwamba marehemu alichukia honi kuliko kitu chochote. Alisema honi ni dereva anayelia. Nilipaswa kujua siku ya kwanza, lakini mtu aliyefiwa anasikia anachotaka.

Sasa kuhusu lile gari la dizeli. Hapana. Asante sana, naona umetaka kuvunja sheria yako kwa ajili yangu, na wewe si mtu wa kuvunja sheria. Lakini mume wangu alitumia nguvu zake za mwisho kunyoosha njia ile. Mimi sitakuwa kona yake.

Andika kwamba barabara ya chini ilipangwa na Ramani. Andika kwamba ya kilimani ilipitwa na madereva kumwangalia mjane, na kwamba mjane amesema inatosha. Kama maneno hayo si ya taarifa, yakaushe mwenyewe, unaweza.

Breki nitamwambia mimi.

Mjane wa Ramani


Nyumba ya Kona
23 Aprili

Shemeji,

Kuanzia Jumatatu shikeni barabara ya chini. Wote. Hata wewe.

Usije kubishana na mimi. Unasema kampuni ya kukodi inahitaji madereva. Haihitaji dereva anayesimamishwa na kipepeo. Kijiti ana mke mjamzito, nani alimruhusu kuchezea kazi kwa pazia langu?

Sikuchukii. Hukuninyang'anya kitu. Uliponiandikia nililia siku mbili kwa ajili ya Ramani, na siku ya tatu nikalia kwa ajili yenu, nikiwaona wanaume wazima mnaulizana habari za pazia. Kilio hicho cha pili kilikuwa chepesi.

Mwambie Kijiti asante. Mwambie mara moja tu, mara tatu nilishamwambia.

Shemeji yako


Kituo cha Utafiti
6 Juni

Mama,

Nakuletea matokeo. Kwa barabara ya chini gari la umeme limekamilisha mzunguko katika majaribio yote, na kila mara limerudi na chaji ya ziada. Tulibadilisha jambo moja katika mpango wa marehemu: hospitali sasa inatangulia shule, kwa sababu tangu afariki saa za milo ya wagonjwa zimesogezwa mbele. Yaliyobaki ni yake, na taarifa inasema hivyo, kwa jina la Ramani, kwa kuwa madereva walikataa jina jingine lolote. Kiwanda kimeagiza magari. Madereva wanabaki.

Sehemu ya kilima nimeiandika hivi: "Kwa muda, magari yalipita njia ndefu kwa ajili ya shughuli ya ustawi ambayo sasa imesitishwa kwa uamuzi wa mhusika." Mkuu wangu aliniuliza shughuli gani. Nilimwambia. Akaweka sahihi.

Utafiti umefungwa, kwa hiyo hii ni barua yangu ya mwisho ya kikazi.

Mtafiti


Yadi ya Magari
9 Juni

Shemeji,

Wiki sita sasa tumetii. Siku ya kwanza nilifika njia panda na usukani ukavuta kulia wenyewe, kama punda anayejua kwake. Nikaukemea. Nyuma yangu Kijiti akapiga kelele, "Mzee, unasimamishwa na kipepeo gani tena?" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Chai tunakunywa, lakini hatujui tuanze na neno gani. Magari mapya yameingia jana, hayana sauti kabisa. Hata tukitaka kukusumbua usingetusikia.

Hatujakuona tangu Aprili. Siulizi kitu. Nasema tu.

Breki


Nyumba ya Kona
20 Juni

Shemeji Breki,

Umesema huulizi, basi na mimi sijibu, nakueleza tu.

Asubuhi za mwanzo nilikuwa naamka kabla ya saa yenu na kukaa kitandani nasubiri honi, huku nikijua haiji. Mtu anajua na bado anasubiri. Kuna siku mbili sikuinuka mpaka adhuhuri, sikufichi. Hakuna gari lililopanda hata nikatoka kuuliza kama kuna moto. Siku ya pili nikaona aibu, nikainuka mwenyewe. Halafu ikaja siku nikalala mpaka jua likanikuta usoni, nikashtuka. Nilikuwa sijasubiri. Nililala tu, kama watu.

Jumanne nilishuka kilima. Nilikuwa sijashuka kwa miguu tangu mwaka jana, magoti yanalalamika. Nikasimama kando ya barabara ya chini, karibu na lile duka la kwanza. Gari likapita karibu kabisa, sikulisikia, nililiona tu. Kijiti alikuwa anaendesha, mdomo unakwenda, sijui anaimba au anagombana na mtu ambaye hayupo. Hakuniona. Nilikuwa nimeshainua mkono, nikaushusha. Akisimama kumsalimia mjane, wagonjwa watakunywa chai kavu.

Likashusha trei, likaondoka. Nikaingia dukani nikanunua mkate. Ulikuwa wa moto, shemeji. Miaka yote niliyokaa na mpangaji wa mikate sikuwahi kuula ukiwa wa moto. Yeye alikuwa akiniletea jioni, anaporudi kazini, umeshapoa na pembeni umebonyea kwenye mfuko, na mimi nilidhani ndivyo mkate wenu ulivyo.

Nusu yake niliimaliza njiani nikipanda, nimesimama, kama mtoto aliyetumwa.

Shemeji yako